Mwigo wa Uandishi: Maana na Istilahi Yake

Miongoni mwa mambo mapya yanayohitaji istilahi ni programu ya mazungumzo iliyoundwa ili ijibu kwa namna ya mtu fulani, aliye hai au aliyekufa. Wapo wasemao kuwa programu hiyo ina "sauti" ya mtu huyo. Twaona yafaa usemi huo uchunguzwe kabla haujazoeleka katika tafsiri na katika barua za ofisi.

Mfano ujulikanao ni wa mwaka 2016. Eugenia Kuyda, akiwa Marekani, alitumia maelfu ya jumbe za rafiki yake Roman Mazurenko, aliyefariki Moscow mwaka 2015, kuunda programu iliyojibu kwa namna yake. Njia mojawapo itumikayo leo ni hii: maandishi ya mtu hukusanywa, kisha modeli ya lugha hufunzwa kukadiria neno lielekealo kufuata jingine. Kwa njia hiyo hupatikana mazoea ya mwandishi, yaani salamu zake, urefu wa sentensi na maneno ayapendayo. Nia yake haipatikani.

Natufikirie mzee wa Mlali, chini ya milima ya Uluguru, aliyewaandikia jamaa zake barua za Kiswahili, ila ukoo akiuita "lukolo" kama ilivyo katika Kiluguru. Kwa mila ya Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na ardhi ilikuwa chini ya ukoo. Programu iliyofunzwa barua hizo italiweka neno "lukolo" mahali pake barabara. Yaweza pia kuandika kuwa shamba fulani alipewa fulani, jambo ambalo mzee hakulisema kamwe. Tukiiita "sauti ya mzee", tumekwisha kuifanya shahidi.

Kwa hiyo twapendekeza istilahi "mwigo wa uandishi". Kuiga si kosa. Mtoto humwiga mkubwa pasipo kudai kuwa ndiye. Mwigo ukitolewa kana kwamba ni maneno ya mwenyewe, Kiswahili kinalo neno jingine: kughushi. Tena barua hubeba habari za mwandishi na za wale awatajao, nayo Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mtumishi anayetafsiri waraka wa namna hiyo hana budi kuonyesha wazi yapi aliyaandika mtu na yapi ni mwigo.

Twawaomba watafsiri na walimu walipime pendekezo hili katika kazi zao.