Waliobaki Ndani ya Ngome

Marehemu nyanya yangu hakuwahi kuliita jengo lile Fort Jesus. Alisema "gereza", basi, na sisi wajukuu tulijua anasema lipi. Alikulia Kibokoni, Mombasa, zama ambazo ngome ilikuwa jela ya serikali ya kikoloni, tangu 1895 hadi 1958, na mpaka uzeeni akipita pale alivuta buibui na kukaza mwendo. Kwa hiyo mwaka huu, nilipowapeleka wanangu waliozaliwa Ujerumani kutazama maonyesho ya sauti na mwanga ndani ya kuta zilezile, niliingia moyo ukinidunda.

Wenzangu wa ughaibuni huniuliza kama safari hiyo yafaa wakirudi likizo. Yafaa sana. Ila ukienda bila kujua mambo yaliyopita pale, utaona kuta zikibadilika rangi, utakula chakula cha usiku kinachofuata maonyesho, utaondoka. Ndiyo sababu naandika.

Sanaa yenyewe si kongwe. Ilianzia Ufaransa mwaka 1952, kwenye kasri la Chambord, pale mtunzaji wake Paul Robert-Houdin alipofunga taa na spika, kuta zikasimulia bila mwigizaji hata mmoja kutokea. Misri ikaipeleka kwenye piramidi za Giza mwaka 1961, na baadaye ikaenea dunia nzima. Nguvu yake iko katika jambo moja: mchana jicho huona vyote kwa pamoja, nyaya za umeme na mabango yakiwemo. Usiku, mwenye taa ndiye anayekuchagulia cha kutazama.

Na ngome yetu inapendeza kwa taa kuliko majengo mengi, kwa sababu ya jiwe lake. Sehemu ya chini haikujengwa, imechongwa kutoka mwamba wa matumbawe wenyewe. Tulipoingia tukifuata walinzi wenye mienge ya moto, binti yangu alisimama ukutani akagusa. Mwanga ulikuja kwa mshazari kutoka chini, na kila tundu likatoa kivuli chake: hapa umbo la ua, hapa mistari kama ya ubongo, hapa gamba la chaza lililonasa tangu mahali pale palipokuwa chini ya bahari. Mchana ungepita bila kuliona hilo.

Kisha akaniuliza swali ambalo nilijua litakuja: je, Yesu alifika Mombasa? Nikamweleza kwamba Wareno walisafiri chini ya bendera ya Shirika la Kristo, na ngome yao wakaipa jina la Yesu. Waliianza 1593 kwa amri ya mfalme Filipo, aliyetawala Hispania na Ureno kwa pamoja, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Ukiitazama kutoka juu ni kama mtu aliyelala chali, kichwa baharini. Ndani mlikuwa na kanisa, kwa Kireno igreja, na wataalamu wa lugha husema humo ndimo lilimotoka neno "gereza". Ngome ya Kilwa Kisiwani nayo huitwa Gereza mpaka leo. Nyanya, kumbe, alikuwa akiliita jengo kwa jina la zamani.

Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hassan, waliyemlea Wareno wenyewe na kumbatiza, aliwageukia na kuitwaa ngome, nao wakaipata tena baadaye. Lakini kisa ninachotaka ukikumbuke taa zikizimwa ni cha baadaye.

Mnamo 13 Machi 1696, wakati wa kaskazi, merikebu za Imamu wa Oman, Saif bin Sultan, zilifika Mombasa na kuizingira ngome. Huku nje watu husimulia vita hivi kama vya Wareno na Waarabu, nami shuleni nilifundishwa hivyohivyo. Ukweli ni kwamba Wareno waliojifungia ndani walikuwa makumi tu. Waliojaa humo walikuwa watu wa pwani, wake kwa waume, walioingia na watoto wao. Mizinga haikuwaua kama maradhi yalivyowaua. Kapteni António Mogo de Mello alifariki mwishoni mwa Agosti 1697, na hapo hakubaki Mreno wa kuongoza.

Walioishika ngome tangu hapo walikuwa Bwana Daud wa Faza, jamaa zake 17, wanaume wengine 8 Waafrika, na wanawake 50. Mtu wa Faza, kisiwa cha Pate, na wanawake 50, wakilinda buruji nne mbele ya jeshi la Imamu, mpaka meli yenye msaada ilipowasili katikati ya Septemba. Nikisoma hesabu hiyo hujiuliza nani alipika, nani alizika, nani alikesha ukutani akiwa na homa. Wanawake hao wametajwa kwa idadi tu. Taa ilipotua juu ya ukuta wa upande wa nchi kavu, niliwanong'oneza wanangu: hapo, juu hapo, walisimama.

Msaada ule haukutosha. Usiku wa kuamkia 13 Desemba 1698, baada ya miezi 33, Waomani waliparamia ukuta kwa ngazi, wakaingia. Siku chache baadaye kikosi cha Wareno kikatokea baharini, kikaona bendera ya Oman inapepea, kikageuza. Wareno walirudi 1728 wakafukuzwa mwaka uliofuata. Wakaja ukoo wa Wamazrui, akaja Sayyid Said wa Oman mwaka 1837, kisha ngome ikawa jela ya Waingereza, na tangu 1960 ni makumbusho.

Ukienda, ingia mchana kwanza. Utazame michoro ambayo askari wa Kireno waliichora ukutani kwa makaa na udongo mwekundu, meli na samaki na nyuso, na utazame boriti za Waomani zenye maandishi ya kuchonga. Jioni urudi kwa maonyesho. Na wageni wakielekea mezani, wewe panda kidogo upande wa bahari, ambako hakuna taa. Chini ya maji yale, karibu mita 18, imelala Santo António de Tanná, meli iliyokuja kuokoa ngome ikazama hapo mwaka ule wa 1697. Tulikaa kimya tukisikia mawimbi yanapiga mwamba, na adhana ya Isha ikaanza Mji wa Kale.