Kioo cha basi kikivunjika Mtwara, piga hesabu kabla ya kuagiza Dar

NOVEMBA mwaka jana, wakati malori ya korosho yakipishana usiku na mchana kuelekea maghala ya Mtwara, jiwe lenye ukubwa wa kokwa ya embe liliruka kutoka kwenye tairi la lori moja na kutua katika dirisha la basi letu. Tulikuwa kwenye barabara ya vumbi, tukirudi kutoka Kitaya, bonde la Mto Ruvuma. Kioo cha nje kilimwagika chote, punje punje kama chumvi ya mawe. Cha ndani kilibaki kimesimama, hakina hata mkwaruzo.

Basi lenyewe si la abiria tena. Mimi na wenzangu wanne tulilinunua likiwa limechoka, baada ya miaka mingi ya safari za Dar es Salaam na mikoa ya kusini. Tuling'oa viti vya nyuma, tukaweka rafu na kaunta, tukaligeuza kuwa duka la pembejeo linalotembea. Mbele tumeacha viti 16, na hapo ndipo wakulima wanapokaa tunapozungumza habari za palizi, dawa na bei. Nyuma kabisa kuna chumba kidogo chenye kiyoyozi, ambamo tunahifadhi mbegu za ufuta na mboga. Dirisha lililopigwa lilikuwa la chumba hicho.

Msomaji anayelima ataelewa kwa nini usiku ule hatukulala. Wataalamu wa mbegu wana kanuni yao ya siku nyingi: joto la mahali pa kuhifadhia likipanda kwa nyuzi 5 au 6, maisha ya mbegu hupungua kwa karibu nusu, na unyevu ndani ya mbegu ukiongezeka kwa asilimia moja, hupungua nusu tena. Pwani yetu mwezi Novemba ina vyote viwili kwa wingi. Mvua za kupandia ufuta zilikuwa zinakaribia na mzigo mzima tulikuwa tumeuchukua kwa mkopo. Mkulima akipanda mbegu ikagoma kuota, habari ya kioo haimhusu. Msimu ujao hutamwona dukani kwako.

Usiku huo tulifunika dirisha kwa plaiwudi na turubai. Asubuhi tukaanza kutafuta kioo.

Kioo cha basi la kisasa lenye kiyoyozi, tofauti na kioo cha daladala, mara nyingi ni vioo viwili vilivyoshikanishwa. Nitakiita kioo pacha. Katikati ya vioo hivyo kuna nafasi ya hewa kavu, na pembeni kuna fremu nyembamba yenye punje za kunyonya unyevu. Gundi ya kingo ikichoka, hewa yenye unyevu huingia. Mchana hewa ya katikati hupanuka na kutoka, usiku hujikunja na kuvuta nyingine, mpaka punje zile zinashiba na kioo kinakuwa na ukungu ambao huwezi kuufuta kwa ndani wala kwa nje. Abiria wa njia ya kusini wameuona sana, ila wengi hudhani ni uchafu.

Jambo la pili ni gumu zaidi. Vioo vya madirisha ya pembeni hukomazwa kwa moto kiwandani, ndiyo maana vikivunjika havitoi vipande virefu vya kukata watu. Kioo cha namna hiyo hakikatwi wala hakitobolewi. Fundi akikigusa kwa almasi au kwa keekee, kinalipuka punje punje palepale. Lazima kikatwe kwa kipimo kwanza, ndipo kikomazwe. Kwa hiyo mafundi wa alumini wa mjini Mtwara, ambao ni hodari kwa madirisha ya nyumba, hawakuweza kutusaidia kwa hilo. Ilibidi tuagize Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 550. Barabara hiyo nayo ina mambo yake; Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, ilikatika maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa, na kusini ikawa kama kisiwa.

Kioo kilifika salama, kikagoma kuingia. Kosa lilikuwa letu wenyewe: tulipima tundu la bati, tukasahau unene wa mpira unaoshika kioo. Kilizidi milimita 6. Kingekuwa kioo cha kawaida, fundi angekipunguza kwa dakika tano. Hiki kilikuwa kimekwisha komazwa, na fedha ilikuwa imekwisha kwenda. Ukitaka kuagiza, ng'oa mpira kwanza, pima upana sehemu tatu na urefu sehemu tatu, chukua kipimo kidogo kuliko vyote, kisha toa nafasi ya mpira. Pima pia unene wa kioo kizima pamoja na ile nafasi ya hewa. Pembe za mviringo zichore kwenye kadibodi ngumu uitume pamoja na oda, na uangalie kama kioo kimepinda kidogo, maana vya mabasi mengi havikunyooka kabisa.

Baada ya hasara hiyo ndipo nilipokaa kufanya kazi niliyosomea. Aibu yangu ni kwamba nilipaswa kuifanya kabla.

Dirisha lile lina eneo la mita ya mraba 1.2 hivi. Nje tuseme kuna nyuzi 32, ndani tunataka 22. Kioo kimoja kinaingiza joto la karibu wati 70. Kioo pacha kinaingiza kama wati 34. Tofauti ni wati 36, na kwa kuwa kiyoyozi cha kawaida huondoa joto la takriban wati 3 kwa kila wati moja ya umeme, faida ya kioo pacha ni umeme wa wati 12 tu. Kwa saa 10 kwa siku, na uniti ya TANESCO ikiwa karibu shilingi 350, unaokoa kama shilingi 42 kwa siku. Kwa mwaka haifiki shilingi 16,000. Tukichukulia, kwa mfano tu, kwamba kioo pacha kinazidi kioo kimoja kwa shilingi 300,000, fedha hiyo itarudi baada ya karibu miaka 20, na kwa mitikisiko ya barabara zetu gundi ya kingo haitafika huko. Anayetumia jenereta ya petroli azidishe akiba hiyo mara nne hivi. Bado si haraka.

Sasa weka jua. Basi likiegeshwa ubavu wake ukitazama magharibi, jua la alasiri linaweza kupiga kioo kwa wati 500 kwa mita ya mraba, na zaidi. Kioo pacha cheupe hupitisha kama robo tatu ya jua hilo. Hizo ni wati 450 kwa dirisha moja, mara 12 ya ile akiba tuliyokuwa tunaigombania! Turubai la kivuli likifungwa kwa nje, au basi likiegeshwa chini ya mwembe, linafanya kazi ambayo kioo cha pili hakiwezi. Pazia la ndani halisaidii sana, kwa sababu joto limekwisha ingia.

Tena mbegu haina haja ya mwanga. Mwishowe dirisha lile tuliliziba kabisa: bati la alumini nje na lingine ndani, katikati povu jeupe la milimita 50, lile linalofungiwa televisheni, na kingo zote tukapiga silikoni ili hewa ya pwani isipenye. Ukuta wa namna hiyo unazuia joto mara nne au zaidi ya kioo pacha. Povu hilo hushika moto, kwa hiyo hakuna waya wa umeme unaopita hapo, na salfa ya mikorosho tunaibeba kwa gari jingine, maana vumbi lake nalo huwaka.

Madirisha ya mbele, walipo wakulima, hatukuyaziba na hatutayaziba. Tulishauriwa tuweke plastiki ngumu kwa skrubu ili tusahau habari za mawe. Tulikataa. Basi likilala ubavu au likishika moto, dirisha ndilo mlango, na kioo kilichokomazwa hupasuka kwa nyundo ndogo. Plastiki ile hurudisha nyundo. Kikivunjika kimoja upande huo tutaagiza kioo kimoja kilichokomazwa, bila pacha, kwani milango ya duka iko wazi kutwa na kiyoyozi hakiwashwi.

Kile kioo cha oda kilichozidi milimita 6 tumekilaza juu ya kaunta, na chini yake tumebandika bei za mbegu.