Ugali na Mlenda: Habari za Ukarimu wa Wagogo

Huko Hombolo, upande wa kaskazini-mashariki ya Dodoma, mgeni husalimiwa "Mbukwa". Wakiwa wengi, "Mbukwenyi". Kisha huletewa maji ya kunawa, ugali wa uwele au wa mtama, na mlenda, wale pamoja katika chombo kimoja. Twamshauri mwalimu atokaye pwani asiuchukie mlenda kwa utelezi wake, bali azungushe tonge ili kuukata uzi, kama wenyeji wafanyavyo. Majani yake hukaushwa na kutwangwa yawe akiba ya kiangazi, maana mvua za Ugogo ni chache, na njaa kuu ya 1917 hata 1920 iliitwa Mtunya. Basi akupaye tonge amekugawia akiba yake. Ukilikataa, umemkataa mwenyewe.