Waliiba Tivii, Nusura Waondoke na Ndoa Yetu

Je, umewahi kuamka asubuhi ukakuta mlango wa nyuma uko wazi, na wewe unajua kabisa kwamba uliufunga? Kama hujawahi, Mungu akuepushie. Kama umewahi, basi mwenzangu tunaelewana.

Kwetu ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, kwenye nyumba yetu ya kupanga Isevya, hapa Tabora mjini. Niliamka kumpikia mtoto uji. Kilichonishtua kwanza ni ubaridi. Upepo ulikuwa unapita sebuleni kama vile tuko barazani. Kisha nikaona ukuta mtupu pale ilipokuwa tivii, na waya wa king'amuzi unaning'inia. Nikataka kumwita mume wangu, sauti haikutoka.

Walikuwa wamekata wavu wa dirisha la jikoni na kupanua nondo mbili. Waliondoka na tivii, sabufa, mtungi wa gesi, laptop ya ofisini kwangu, simu zetu mbili zilizokuwa kwenye chaji na mkoba wangu. Ndani ya mkoba kulikuwa na kitambulisho cha NIDA, kadi ya benki na fedha za kikoba. Na mkoba huo, msomaji, haukuwa sebuleni. Ulikuwa kwenye kiti chumbani kwetu, hatua mbili kutoka nilipolaza kichwa. Yaani mtu nisiyemjua alisimama pale akaniangalia nimelala.

Vitu tulivihesabu siku ile ile. Hasara yenyewe ilichukua wiki kadhaa kuonekana.

"Mmepuliziwa Dawa Nyie!"

Kufikia saa mbili asubuhi nyumba ilikuwa imejaa. Poleni, poleni sana. Mshukuruni Mungu mko hai. Vitu vinatafutwa. Na kila aliyeingia alikuwa na maelezo yale yale, kwamba tumepuliziwa dawa ya usingizi dirishani, vinginevyo tungeamka.

Nakiri kwamba maelezo hayo yalinifariji. Kama ni dawa, basi hatukuwa wazembe. Lakini nilipokuja kusoma baadaye nikakuta chuo cha madaktari wa usingizi cha Uingereza, Royal College of Anaesthetists, kimewahi kulieleza jambo hili. Kulaza watu fofofo kwa gesi inayopulizwa tu dirishani, bila wao kujua na bila kuwaua, si kitu kinachowezekana. Ukweli ni rahisi zaidi. Watu waliochoka hulala, na wezi wazoefu hawapigi kelele. Kulala nyumbani kwako si uzembe. Jiambie hivyo mapema, kwa sababu lawama ikikosa pa kwenda itahamia kwa mtu mwingine.

Na kwetu ilihamia.

"Nani Alikuwa Ndani?"

Polisi waliuliza swali la kawaida kabisa: nyumba hii wanalala watu gani? Tukataja. Mimi, mume wangu, mtoto, shemeji yangu mdogo aliyekuja mjini kutafuta kazi, na dada wa kazi niliyemtoa kwetu Sikonge. Askari akaandika, akafunga daftari. Sisi swali lile hatukulifunga.

Shemeji alirudi saa tano usiku ule. Je, alifunga mlango vizuri? Alikuwa na nani huko nje? Mimi nikaanza kuyapanga hayo kichwani kimyakimya. Mume wangu naye alikuwa na hesabu zake. Mbona simu ya dada haikuibiwa? Eti alikuwa ameilalia chini ya mto!

Usiku wa pili tukalipuka, kwa sauti ya chini ili mtoto asiamke.

"Huyo msichana wako uliyemleta..."

"Na huyo mdogo wako je?"

Unaona jinsi ilivyokuwa? Wangu na wako. Mimi namtetea wa kwetu, yeye anamtetea wa kwao. Wezi walikuwa wameondoka siku mbili zilizopita, na sisi bado tunaendelea kuibiana ndani kwa ndani.

Majirani nao hawakutuacha. Bibi mmoja alishauri tusomeshe albadiri. Mwingine alimjua mganga ambaye angetuonyesha mwizi "kama kwenye video". Mume wangu nusura akubali. Namshukuru baba mkwe aliyetukatalia kwa simu. Alisema mganga hakamati mtu, anachofanya ni kutaja jina, na jina likishatajwa mtaani halirudi. Nchini kwetu tumeona mara nyingi kelele moja tu ya "mwizi!" inavyoweza kumtoa mtu roho kabla polisi hawajafika.

Asubuhi ya siku ya nne nilikuta kitanda cha dada kimetandikwa, vyombo vimeoshwa, nguo za mtoto zimekunjwa. Mwenyewe hayupo. Kuta zetu ni nyembamba, alikuwa amesikia kila kitu.

"Si mnaona?" mtaa ukasema. "Mwenye hatia hukimbia."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikaamini. Mtu aliyekuwa akinipelekea fedha za kikoba kila Jumamosi kwa miaka mitatu, isipungue hata mia! Ilikuwa tarehe ishirini na mbili. Aliondoka bila mshahara wake. Mwizi gani anaacha mshahara?

Usiku Hausogei

Nikuambie na yale ambayo watu hawayasemi. Nilifua kila nguo iliyokuwa chumbani, hata zilizokuwa safi, kwa sababu niliona kama zimeshikwa. Mume wangu aliamka saa nane kila usiku kukagua milango, halafu saa tisa, halafu saa kumi. Mtoto alianza tena kukojoa kitandani. Paka akiruka batini, wote tuko wima.

Haya si udhaifu. Mwili umejifunza kwamba nyumbani si salama, na unahitaji muda kujifunza upya. Kwa watu wengi hali hupungua ndani ya wiki chache. Ukiona mwezi umepita na bado hulali, unashtuka ovyo au unaogopa kurudi nyumbani, muone daktari au mshauri. Si lazima uwe umepigwa panga ndipo uitwe mgonjwa.

Na nyinyi mnaokuja kutoa pole, punguzeni ile ya "ni vitu tu". Ni kweli ni vitu, lakini aliyeibiwa halii kwa sababu ya sabufa. Muulize usiku analalaje. Mletee chakula. Mkopeshe simu.

Siku Tuliyokwenda Kwihara

Jumapili moja mume wangu akasema, "Tutoke kidogo mama, nyumba inatubana." Tukachukua bodaboda hadi Kwihara, kilomita chache nje ya mji, kwenye tembe la Livingstone. Tumekulia Tabora wote wawili, lakini si unajua tena, cha nyumbani hukitembelei. Jengo la sasa limejengwa upya. Ni hapo David Livingstone na Henry Morton Stanley walipokaa mwaka 1872, wakati Tabora ilikuwa njia panda ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji.

Shuleni tulifundishwa kwamba walikutana Ujiji mwaka 1871. Nilichokuwa nimesahau ni kwamba Livingstone alikuwa ameibiwa! Alirudi Ujiji Oktoba mwaka huo akiwa mgonjwa, akitegemea kukuta mzigo wa vitambaa na shanga aliotumiwa kutoka pwani. Enzi hizo, vitambaa na shanga ndizo zilizokuwa fedha za safarini. Hakukuta kitu. Aliyekabidhiwa mzigo, mtu aitwaye Sherif, alikuwa ameuza wote, na bado akaja kumpa mkono kama kawaida. Livingstone aliukataa mkono ule, na Sherif ndiye akanuna! Katika shajara yake Livingstone alijifananisha na yule msafiri wa mfano wa Msamaria Mwema, aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi, ila yeye hakuwa na tumaini kwamba msamaria atapita. Haukupita muda, Stanley akafika.

Lakini yaliyofuata ndiyo yaliyonikalisha chini. Februari 1872 walifika Kwihara pamoja. Machi, Stanley akaenda pwani kumtafutia wapagazi, na Livingstone akabaki akisubiri hadi Agosti. Watu wale walipofika akawakabidhi mizigo yake, yeye aliyekuwa ameuziwa kila kitu mwaka uliotangulia. Alipofariki Mei 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia, Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake pamoja na maandishi yake, wakapita hapa hapa Tabora, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Ni zaidi ya kilomita 1,500, kwa miguu, bila bosi wa kuwasimamia.

Sisemi njia ile ilikuwa ya malaika. Ilipitisha watumwa, na hakuna wizi unaozidi kumwiba mtu. Chuma mwenyewe alikombolewa kutoka kwenye msafara wa watumwa akiwa bado mdogo. Lakini njia hiyo moja ilikuwa na Sherif na ilikuwa na Chuma. Ukimfanya Sherif kuwa kipimo cha kila mtu, utabaki na kufuli zako peke yako.

Tulirudi kimya. Tulipokaribia nyumbani mume wangu akasema, "Twende Sikonge."

Kuomba Radhi

Tulikuwa na sababu nyingine ya kwenda. Wiki hiyo mwenyekiti wa mtaa aliitisha mkutano, tukaambiwa nyumba nyingine tatu zimevunjwa kwa namna ile ile: dirisha la jikoni, wavu umekatwa, nondo zimepanuliwa. Mbili kati ya hizo hazina dada wa kazi wala shemeji.

Sikonge tulipokewa na mama yake. Akatutandikia mkeka, akatupa maji, akatusikiliza hadi mwisho. Nilimpa binti mshahara wake mkononi, nikamwambia mbele ya mama yake kwamba tulimkosea. Mume wangu naye akasema, kwa kinywa chake. Binti akanyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Nimewasamehe, dada, ila sirudi." Anajifunza cherehani sasa. Alicheza na mtoto mpaka tulipoondoka.

Nilitamani arudi. Lakini kuomba radhi hakukupi haki ya kurudishiwa ulichokivunja.

Kwa shemeji nilikwenda peke yangu, jikoni, nikamwambia nilimdhania vibaya. Akacheka: "Nilijua, shemeji. Ulikuwa hunijazii chai." Yeye ndiye aliyesimamia fundi wa nondo mpya.

Ikikutokea Leo

Usiingie ndani ukiona dalili ya kuvunjwa, huenda bado wamo. Wala usiwakimbize. Piga 112, ita majirani.

Usisafishe wala kupanga vitu kabla polisi hawajaona. Nenda kituoni uchukue RB, kwa sababu benki, kampuni ya simu au bima wanaweza kuihitaji. Kwa vitambulisho na vyeti, omba taarifa ya upotevu.

Funga laini na pesa za mtandao kabla ya kitu kingine chochote, kwa simu ya jirani. Kisha kadi ya benki, kisha badilisha nywila za barua pepe. Kompyuta ya ofisi? Mjulishe bosi asubuhi hiyo hiyo, usione haya.

Leo kabla hujalala, bonyeza *#06# kwenye simu yako, uandike namba ya IMEI mahali pengine. Ikiibiwa, kwa namba hiyo na RB, kampuni ya simu inaweza kuifungia kifaa chenyewe. Andika pia namba za tivii na laptop.

Usinunue "tivii ya bei poa" ya kupenyezewa. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na soko hilo ndilo linalowalisha waliotuvunjia.

Jiunge na ulinzi wa mtaa. Sungusungu ilizaliwa miaka ya mwanzo ya 1980 huku huku kwetu, Unyamwezini na Usukumani, dhidi ya wezi wa ng'ombe, na sheria ikaja kuitambua mwaka 1989. Lakini mtuhumiwa ni wa polisi na mahakama, si wa fimbo wala tairi.

Na wewe na mwenzako, wekeaneni mwiko mmoja kwa wiki mbili za kwanza: hakuna kumtaja mtu wa nyumbani bila ushahidi. Kama una wasiwasi, mpelekee mpelelezi, usiupeleke kitandani.

Vitu vyetu havijapatikana. Tivii tulikaa miezi mitano bila kununua, na nitakuambia siri, tulizungumza miezi ile kuliko mwaka mzima uliotangulia. Jirani mmoja sasa anashika ufunguo wetu wa akiba, na sisi tuna wa kwake. Usiku naufunga mlango mara moja, nautikisa kidogo, kisha nakwenda kulala.