Chai za Maua za Kichina: Nani Asizitumie?



Baadhi ya kamati za sharika zimetuuliza kama chai za maua za Kichina zinamfaa kila mtu, kwa kuwa huuzwa kwa jina la "chai ya asili". Jibu ni hapana. Waganga wa tiba ya jadi ya China wenyewe huyahesabu maua haya kuwa dawa, na dawa hutolewa kwa kumwangalia mgonjwa.

Katika tiba hiyo kila mmea una tabia yake, ya baridi au ya moto. Maua ya juhua (krisanthemu) hupoza kidogo. Jinyinhua ni ya baridi zaidi. Hunywewa wakati wa joto, homa au koo linapouma. Kwa sababu hiyo, mwenye tumbo dhaifu, anayeharisha mara kwa mara au anayesikia baridi mwilini hushauriwa aziache.

Wengine wanaopaswa kujihadhari ni hawa:

1. Wajawazito. Honghua, ua jekundu, hutumika "kuendesha damu" na kuleta hedhi. Kitabu rasmi cha dawa cha China kinaagiza tahadhari kwa mjamzito.

2. Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, na wanaotokwa na damu nyingi. Honghua inaweza kuzidisha hatari.

3. Wenye mzio. Juhua na honghua ni jamii moja na alizeti na pareto. Anayewashwa au kubanwa kifua na mimea hiyo asizinywe. Aidha, pareto ni sumu ya wadudu. Isichemshwe kamwe badala ya juhua.

4. Watoto wachanga, hasa wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachokinga chembe nyekundu za damu. Huko Hong Kong wazazi wa watoto hao huonywa wasiwape jinyinhua, kwa hofu ya chembe hizo kupasuka na mtoto kupata manjano. Upungufu huu hupatikana zaidi katika maeneo yenye malaria, kama kwetu, na wengi hawajapimwa.

Tunaziomba kamati zisiruhusu chai hizi kuuzwa kwa ajili ya mfuko wa usharika iwapo pakiti haitaji viungo vyake kwa lugha inayoeleweka. Anayetumia dawa za hospitali amweleze daktari kwanza.



Mratibu wa Miradi, Dayosisi