Ua Zuri Lifichalo Kilindi

Gugu maji ni mgeni aliyetoka Amerika ya Kusini. Katika miaka ya 1950 lilienea upesi katika mto Kongo; kwa majuma mawili hivi laweza kuzidi maradufu. Maua yake yapendeza, lakini majani yake hufunika kilindi, ukadhani ni nchi kavu.

Huku Basoko, Aruwimi unapoingia mto mkubwa, wengi wetu huteka maji mtoni. Mwenye kifafa akianguka penye magugu hayo, aweza kuzama asionekane. Basi tusimtume peke yake, wala tusimfungie nyumbani kwa aibu. Aende na mwenzake, mahali palipoondolewa magugu. Dawa yake anywe kila siku, hata akijiona mzima. Nasi tumshike bila hofu: kifafa hakiambukizi.