Mtoto anaanza piano? Noti zisubiri kwanza

Mzazi analipia masomo ya piano, miezi michache tu mtoto wa miaka 5 hataki tena hata kukisogelea kinanda. Wengi husema hana kipaji. Mara nyingi shida ni jinsi alivyoanzishwa.

Mjapani Shinichi Suzuki, mwalimu wa fidla aliyefariki mwaka 1998, alikuwa na hoja rahisi: mtoto huongea lugha ya mama yake kabla hajajua kusoma. Muziki nao uanzie sikioni, noti zije baadaye. Njia yake sasa inatumika kufundishia piano pia.

Somo la kwanza likoje?

Piano kamili ina vitufe 88, vingi mno kwa mtoto. Kwa hiyo aanze na vyeusi, ambavyo vimekaa viwili, kisha vitatu, hivyo hivyo hadi mwisho. Kitufe cheupe kilicho kushoto kabisa mwa vile viwili ndicho do. Akikijua hicho, hapotei.

Vidole hupewa namba: gumba ni 1, kidole kidogo ni 5, mikono yote miwili. Miguu isipofika chini, mwekee kistuli.

Huna piano nyumbani? Kinanda cha vitufe 61 kinatosha kuanzia, mpangilio ni ule ule.

Mazoezi je? Dakika 10 kila siku zinamfaa kuliko saa nzima Jumamosi. Na akikosea, mwache amalize wimbo ndipo umrekebishe. Ukimkatisha kila mara, atajifunza kuogopa piano, siyo kuipiga.